Umenyimwa kazi kwa sababu ya umri? Cha kufanya Dar es Salaam kabla siku 60 hazijaisha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya umri. Umri umetajwa waziwazi kwenye kifungu cha 7, bega kwa bega na rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengine. Kifungu hichohicho kinaeleza kwamba "mwajiriwa" humo ndani ni pamoja na mtu anayeomba kazi, na "mwajiri" ni pamoja na wakala wa ajira. Kwa hiyo mama wa miaka 48 aliyepeleka maombi kwenye kampuni ya Masaki akaambiwa "tunatafuta damu changa" ana sheria ya kusimamia, hata kama hajafanya kazi pale siku moja.

Habari njema inakaribia kuishia hapo. Anayejua kwa nini hukuchukuliwa ni mwajiri, na mara nyingi hakuambii. Wengi wanaotuletea malalamiko haya kwenye meza ya msaada wa kisheria hufika wakiwa wamechelewa, siku 60 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zimeshapita, au wamejaa hasira lakini hawana karatasi hata moja. Mwongozo huu umepangwa kwa mfuatano wa mambo yanavyotokea, kuanzia siku unapoliona tangazo, kwa sababu kesi ya namna hii hujengwa kabla hujakataliwa. Baada ya kukataliwa unakusanya tu ulichokwisha kukihifadhi.

Hatua ya 1: Jua ni nani aliyekufungia mlango

Anza na serikali, maana ndiko swali hili linakoulizwa zaidi. Fungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, shuka hadi kwenye masharti ya jumla, utakuta waombaji wanatakiwa wawe raia wa Tanzania wenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale ambao tayari wako kazini serikalini. Watu hulisoma sharti hilo kama tusi, lakini lina hesabu yake. Mtumishi wa umma wa kawaida hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Ili alipwe pensheni ya kila mwezi na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60, unabaki na 45.

Mimi naona hesabu hiyo ni butu. Inamweka kundi moja mtu wa miaka 46 ambaye hajawahi kuchangia mfuko wowote na mwenzake wa umri huohuo mwenye miaka kumi ya michango NSSF, na inasahau kwamba wapo watu wangeikubali kazi ya mkataba wa miaka mitatu bila kudai pensheni yoyote. Lakini kuona ni kitu kimoja, kushinda ni kingine. Kupinga sharti la serikali si shauri la mtu mmoja na fomu yake. Ni jambo la Mahakama Kuu, lenye wakili na muda mrefu. Hata ukienda na Katiba mkononi utakuta ugumu: ibara ya 13 inakataza ubaguzi, ila ile ibara ndogo ya 5 inayofafanua maana ya kubagua inataja utaifa, kabila, mahali mtu alikotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Umri haumo. Wakili atalazimika kutafuta njia nyingine, pengine ibara ya 22 inayohusu haki ya kufanya kazi. Kama umezidi 45 na unataka kazi leo, usiutumie mwaka wako hapo.

JWTZ, Polisi, Magereza na JKT wako nje ya sehemu kubwa ya Sheria ya Ajira, ingawa kifungu cha 7 chenyewe kinawagusa waliomo humo, na mwongozo huu hauhusu masharti yao ya umri. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya 2005.

Waliobaki wote wamo: kampuni binafsi, shule binafsi, hoteli, benki, mashirika yasiyo ya kiserikali, duka la Kariakoo lenye wafanyakazi wawili, hata familia ya Mbezi inayotafuta dada wa kazi. Na ulinzi huu si wa wazee tu. Sheria yetu haikuweka umri wa kuanzia. Binti wa miaka 22 mwenye leseni, vyeti na kila kinachotakiwa, aliyeambiwa "wewe bado mtoto, wateja hawatakuheshimu", anasimama kwenye kifungu kilekile.

Hatua ya 2: Lihifadhi tangazo siku unayoliona

Matangazo yanayotaja umri hayakai. Ujumbe wa kwenye kundi la WhatsApp hufutwa na aliyeutuma, karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme hubanduliwa au kubandikwa juu yake tangazo la mganga. Piga skrinishoti inayoonyesha tarehe, jina la kundi au ukurasa, na namba ya aliyetuma. Kama ni karatasi, ipige picha kwa karibu isomeke, kisha rudi nyuma upige nyingine inayoonyesha duka au jengo lenyewe. Mtumie ndugu au rafiki palepale, ili ikae kwenye simu mbili zenye tarehe ileile.

Sasa lisome. Sheria inamruhusu mwajiri kuchagua kwa kigezo chochote, umri ukiwemo, endapo kigezo hicho ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Hicho ndicho kichaka ambacho kila mwajiri atakimbilia, kwa hiyo kijaribu kwa swali moja: ukiuondoa umri, kazi haifanyiki? Anayetafuta mtu wa kuigiza mwanafunzi wa kidato cha pili kwenye tangazo la televisheni ana jibu. Anayetafuta wapakuaji wa mizigo ghalani hana, maana kazi yake inahitaji nguvu, na nguvu hupimwa kwa kumpa mtu gunia abebe. Mtu wa miaka 50 aliyezoea kazi ngumu atambeba na gunia lake huyo kijana wa miaka 25 anayeshinda kwenye simu.

Chukua tangazo la aina unayoiona kila siku mjini: "Anahitajika dada wa kuuza duka la vipodozi Kariakoo. Umri 20–27, awe mchangamfu, mwenye mvuto, anayeishi karibu." Uchangamfu ni sawa, kuuza kunauhitaji. Kuishi karibu kunaelezeka, duka hufunguliwa asubuhi na mapema. "Dada" ni jinsia, na 20–27 ni umri. Yote mawili yako kwenye orodha ya kifungu cha 7, na hakuna kinachoonyesha kwamba mwanamke wa miaka 40 hawezi kumweleza mteja mafuta gani yanafaa ngozi kavu. Kwa maoni yangu angeuza zaidi.

Yapo matangazo yasiyotaja umri lakini yanafanya kazi ileile: "waliohitimu kuanzia 2021", au "uzoefu usiozidi miaka 5". Kifungu cha 7 kinagusa ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja, na kinataja taratibu za kutafuta waombaji, matangazo na vigezo vya kuchagua kuwa sehemu ya mambo yanayobanwa. Hapa, kwenye maandishi, tumewazidi hata waliotutangulia. Marekani wana sheria maalumu ya ubaguzi wa umri kazini tangu 1967, inayowalinda wenye miaka 40 na kuendelea. Lakini mwaka 2019, katika kesi ya Kleber dhidi ya CareFusion, mahakama ya rufaa iliyoko Chicago iliamua kwamba dai la ubaguzi usio wa moja kwa moja haliko wazi kwa waombaji wa kazi, ni la walio tayari kazini. Mlalamikaji alikuwa mwanasheria wa miaka 58. Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka 3 hadi 7, usiozidi 7, na aliyechukuliwa alikuwa na miaka 29. Kwetu mwombaji angalau ameandikwa ndani ya sheria.

Ila angalia tofauti. Programu za mafunzo kazini kwa wahitimu wapya, zile zenye lengo la kuwaingiza vijana kwenye soko la ajira, zitatetewa kama hatua za makusudi za kuleta usawa, na sheria inaruhusu hatua za namna hiyo. Usigombane nazo.

Hatua ya 3: Maombi yako yasiseme zaidi ya unavyoulizwa

Ondoa tarehe ya kuzaliwa kwenye CV kama tangazo halikuiomba. Ondoa pia mwaka wa kumaliza darasa la saba na kidato cha nne, na kazi za miaka ishirini nyuma zisizohusiana na unachoomba. Miaka kumi hadi kumi na tano ya mwisho inatosha.

Usijidanganye tu kwamba umeuficha umri. Fomu ikitaka namba ya NIDA, tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, zimekaa pale kila mtu azione. Cheti cha kidato cha nne kina mwaka. Kwa nchi yetu kuficha umri hadi mwisho hakuwezekani. Lengo la kupunguza ni kufika kwenye usaili ukiwa unajadiliwa kwa kazi uliyoifanya.

Na kamwe usiguse cheti. Ule uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa 2017 uliwaondoa kazini watu 9,932 kwa mkupuo. Mwajiri binafsi naye akigundua umebadilisha mwaka wa kuzaliwa, madai yako yote ya ubaguzi yameishia hapo.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba cha usaili

Sheria haikatazi kuulizwa umri wako. Inakataza umri huo kutumiwa kukunyima kazi. Kwa hiyo ukiulizwa, jibu kwa utulivu, kisha rudisha mazungumzo kwenye kazi.

Tatizo la Dar es Salaam kwenye chumba hiki ni la adabu kuliko chuki. Meneja ana miaka 30. Unaingia, anasimama, "Shikamoo mama." Unaitika marahaba, anakuvutia kiti, na kuanzia hapo ameshaanza kujiuliza atakutumaje dukani, atakuambiaje ripoti umeikosea, atakupaje barua ya onyo. Hakuna atakayekwambia hilo. Utaambiwa, kwa heshima zote, "Mama yangu, hii kazi ina kukimbiakimbia sana," au "Tungependa upumzike sasa." Mlete yeye kwenye hoja kabla hajafika huko. Sema wazi kwamba umewahi kuongozwa na mtu mdogo kwako, taja kazi gani mliifanya na ilikwendaje. Sema unatumia mfumo gani wa hesabu au mauzo, na uombe kuonyesha palepale. Maswali mawili ambayo hayajaulizwa ni "atanisikiliza?" na "ataweza kompyuta?", na yote mawili unaweza kuyajibu bila kusubiri.

Ukitoka, kabla hujapanda daladala, kaa mahali uandike: tarehe, saa, nani walikuwepo, nani alisema nini, kwa maneno yaleyale. Kama mlikuwa mnasubiri wengi nje, andika mlikuwa wangapi na wenzako walionekana wa rika gani. Maandishi ya siku ileile yana uzito ambao kumbukumbu ya miezi miwili baadaye haina.

Hatua ya 5: Omba sababu kwa maandishi

Sheria ya Ajira haimlazimishi mwajiri kumweleza mwombaji kwa nini hakumchukua. Omba hivyohivyo. Akijibu, una maandishi. Akikaa kimya, unayo barua inayoonyesha uliuliza. Akijibu leo sababu hii na baadaye mbele ya mwamuzi akaja na nyingine, umepata ushahidi bora kuliko vyote viwili.

Kuna sheria nyingine ya kuiegemea hapa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi. Alama zako za usaili na maoni yaliyoandikwa pembeni ya jina lako yanakuhusu wewe. Barua iwe fupi:

"Yah: Ombi la kufahamishwa sababu za kutochaguliwa, nafasi ya Mhasibu Msaidizi.

Niliomba nafasi tajwa hapo juu na kuhudhuria usaili tarehe ____. Nimearifiwa tarehe ____ kwamba sikuchaguliwa. Naomba kufahamishwa kwa maandishi vigezo vilivyotumika na sababu za kutochaguliwa kwangu. Aidha, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, naomba nakala ya taarifa zinazonihusu mlizonazo kutokana na usaili huo, zikiwemo alama nilizopewa. Nitashukuru kupata majibu kabla ya tarehe ____."

Hakuna neno "ubaguzi" humo, na hakuna vitisho. Itume kwa barua pepe, na nakala ipeleke ofisini ukiwa na ya pili ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga muhuri, andika jina la aliyeipokea na saa.

Hatua ya 6: Anza kuhesabu siku

Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Namba 64 la 2007, zinatoa siku 30 kwa anayelalamikia kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine yote, tangu mgogoro ulipozuka. Wewe ni wa siku 60. Zihesabu kuanzia siku ulipoambiwa hukuchaguliwa, si siku barua yako ya maswali ilipojibiwa. Waajiri wajanja hupiga danadana: "mkurugenzi amesafiri", "piga wiki ijayo", hadi siku zinaisha. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu za kuridhisha, lakini hiyo inakuwa kesi ndogo unayotakiwa kuishinda kabla ya kesi yenyewe.

Hatua ya 7: Pima kama una kesi

Hapa ndipo naomba usome polepole. Sheria imekupa nafuu kubwa kwenye ushahidi: ukionyesha mazingira ya awali yanayoashiria ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye atakayethibitisha kwamba hakukubagua, au kwamba umri ulikuwa hitaji la msingi la kazi. Ugumu uko kwenye hayo mazingira ya awali. Kuwa na miaka 52 na kukosa kazi hakutoshi. Watu wa miaka 27 nao wanakosa kazi mji huu kila siku.

Kinachotosha mara nyingi ni tangazo lililotaja umri, au ujumbe wa wakala uliosema "bosi anataka chini ya 35", au kauli ya kwenye usaili uliyoiandika siku ileile na mtu mwingine aliisikia. Ukiongeza ulinganisho, unaimarika zaidi: aliyechukuliwa ni mdogo wako na sifa zake ziko chini ya zile tangazo lilizotaka, wakati wewe ulizitimiza. Angalia kurasa za kampuni mtandaoni, kampuni nyingi huwakaribisha wafanyakazi wapya kwa picha na maelezo.

Kama huna hata kimojawapo, ushauri wangu ni kuachana nayo na kuomba kazi inayofuata. Najua inauma. Vivyo hivyo kwa kazi zilizopatikana kwa kujuana. Aliyepewa nafasi kwa sababu ni mtoto wa shemeji wa bosi amependelewa kwa undugu, na hata kama ana miaka 24 dhidi ya 49 yako, umri wenyewe haukuwa sababu.

Kuna njia ya katikati ambayo watu hawaitumii vya kutosha. Ubaguzi chini ya kifungu cha 7 ni kosa kisheria, na maafisa kazi walio chini ya Kamishna wa Kazi wana mamlaka ya kufuatilia utekelezaji wa sheria hii. Tangazo lenye umri unaweza kulipeleka kwa afisa kazi hata kama hukuiomba kazi hiyo. Hutalipwa chochote, ila anayefuata huenda akakuta tangazo limebadilika.

Hatua ya 8: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi

Wengi wanaiita CMA. Mgogoro hupelekwa kwenye ofisi inayohudumia eneo ulikotokea, kwa hiyo usaili wa Barabara ya Nyerere haufunguliwi Kinondoni kwa kuwa wewe unakaa Mwananyamala. Kufungua hakuna ada.

Utajaza CMA F1, ile watu wanayoiita fomu namba moja. Kosa linalorudiwa ni kujaza kila nafasi kwa kuogopa kuacha wazi. Sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi peke yao. Wewe hukuachishwa, iache. Kwenye aina ya mgogoro andika ubaguzi wa umri katika ajira, kifungu cha 7. Kwenye tarehe ya mgogoro kuzuka weka siku ulipokataliwa. Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi, ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza yetu kisheria tangu 2021. Kisha mpelekee mwajiri nakala kwanza, upate uthibitisho wa kuipokea, ndipo uwasilishe Tume. Bila uthibitisho huo utarudishwa.

Usuluhishi unatakiwa kumalizika ndani ya siku 30, isipokuwa mkubaliane kuongeza. Unaweza kwenda mwenyewe, na wakili, au na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama ni mwanachama. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili. Nenda kila unapoitwa: usipofika, msuluhishi anaweza kulitupa lalamiko lako, na mwajiri asipofika anaweza kulitolea uamuzi.

Uliza jambo moja pale mezani ambalo waajiri wengi hawakulitarajia. Kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza usawa na kuondoa ubaguzi kazini, na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Omba kuuona. Anayeshindwa kuutoa huwa anakaa vibaya kwenye kiti, na mazungumzo ya fidia hubadilika sauti.

Kuhusu fidia, punguza matarajio uliyoyapata kwa jirani. Ile mishahara ya miezi mingi uliyoisikia ni ya watu walioachishwa kazi isivyo halali. Wewe unadai ulichopoteza kwa kunyimwa nafasi: gharama ulizoingia, nafasi yenyewe, na udhalilishaji. Kudai upewe kazi ileile inawezekana, lakini imeshakaliwa na mtu, na kusema kweli ni wachache wanaotaka kwenda kuripoti kwa bosi waliyemshtaki. Ninaowaona wanatoka wameridhika ni wale walioingia wakijua kiasi cha chini watakachokubali, wakadai pia tangazo jipya lisilotaja umri kama sharti la pili. Yanayosemwa kwenye usuluhishi hayabebwi kwenda kutumika mbele, kwa hiyo zungumza kwa uhuru.

Usuluhishi ukishindikana, unachagua: uamuzi ndani ya Tume, au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukifanikiwa, makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya msuluhishi siku hiyohiyo, yakiwa na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipwa, na namba ya akaunti itakayopokea. Makubaliano ya "tutawasiliana" usiyasaini. Tarehe ikipita bila fedha kuingia, hati hiyo ndiyo utakayoipeleka kukazia hukumu, yaani kulazimisha utekelezaji, kwa hiyo nakala yenye muhuri isitoke mikononi mwako hata mwajiri akikuomba "aipitie kidogo".